Kilebu Si Mbwa Mkali: Hoja Dhidi ya Kiboko na Mnyororo

Katika miji ya Afrika Mashariki, kuanzia Dar es Salaam na Arusha hadi Nairobi na Nakuru, imani moja kuhusu mbwa imeenea kiasi kwamba wengi hawaioni tena kuwa ni imani, bali huichukulia kuwa ukweli usiohitaji ushahidi. Imani hiyo husema kwamba kilebu, yaani mtoto wa mbwa, anayewakimbiza watoto wa nyumbani na kuwang'ata visigino, mikono na pindo za nguo, ameanza kuonyesha ukali wake wa asili, na kwamba mwenye nyumba ana njia mbili tu mbele yake: ama auvunje ukali huo mapema kwa kiboko, ama aufungie kwa mnyororo nyuma ya nyumba mpaka uive na kuwa ulinzi. Methali ya samaki kukunjwa angali mbichi hutajwa kuunga mkono njia ya kwanza, na kibao cha "Mbwa Mkali" kilichopigiliwa getini hutajwa kuunga mkono ya pili. Makala haya yanashikilia kwamba njia zote mbili zimejengwa juu ya kosa moja, nalo ni kuuita mchezo ukali, na kwamba kosa hilo likiachwa huwageuza vilebu wasio na ubaya kuwa mbwa wa hatari, huku watoto waliokusudiwa kulindwa wakiwa wa kwanza kuumia.

Ni haki kukiri kwanza kwamba imani hii haikuzuka hewani. Meno ya utotoni ya kilebu, yapatayo 28, ambayo huota kati ya wiki ya tatu na ya sita ya maisha yake, ni membamba na yenye ncha kama sindano, na mtoto wa miaka mitatu aliyeangushwa chini na kutobolewa mkono hapunguziwi maumivu kwa kuambiwa kwamba aliyemtoboa alikuwa akicheza. Nchi za eneo hili bado zinapambana na kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao wakiwa Afrika na Asia, na watoto wa chini ya miaka 15 wakiwa sehemu kubwa ya waathiriwa. Katika mwambao, ambako Waislamu wengi hufuata madhehebu ya Shafii, mate ya mbwa ni najisi nzito inayotakiwa kuoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo, kwa hiyo kilebu anayening'inia kwenye kanzu ya mtoto huacha zaidi ya tundu la nguo. Waliosema kwamba mchezea mbwa huingia naye msikitini waliyajua hayo. Hofu, basi, ina msingi wake. Kinachobishaniwa hapa ni dawa iliyotolewa kwa hofu hiyo.

Chanzo cha kosa kimo katika neno lenyewe. Ukali katika Kiswahili hubeba mizigo mingi: kisu ni kikali kwa sababu kinakata, jua ni kali kwa sababu linachoma, mwalimu ni mkali kwa sababu hasamehi utoro, na mchezaji hodari huitwa mkali kwa ustadi wake. Neno likiwa pana kiasi hicho, ni rahisi tabia tatu za mbwa zilizo tofauti kabisa zikatumbukizwa ndani ya kapu moja: kung'ata kwa mchezo, ambako mwili wa mbwa huwa mlegevu na kinywa hushika na kuachia, kung'ata kwa hofu, ambako mbwa hujikunyata, hurudisha masikio nyuma na huuma anapokosa njia ya kukimbia, na kung'ata kwa kulinda mali, ambako mbwa hukakamaa juu ya chakula, mfupa au mahali anapolala. Vibao vingi vya Nairobi huandikwa "Mbwa Kali", na walimu wa sarufi hawachoki kukumbusha kwamba upatanisho wa ngeli unadai "mbwa mkali"; lakini kosa hilo la sarufi ni dogo likilinganishwa na kosa la maana, kwa kuwa mwenye nyumba asiyetofautisha mchezo na hofu atautibu mchezo kwa dawa inayozaa hofu.

Kilebu hana mikono, na kila anachotaka kukijua hukijua kwa kinywa. Akiwa bado na mama yake na ndugu zake, hupambana nao kila anapokuwa macho, na katika mapambano hayo hujifunza jambo ambalo wataalamu wa tabia za wanyama huliita udhibiti wa kung'ata, maana yake uwezo wa kupima ni kiasi gani meno yanaweza kubana bila kuumiza. Anayebana kupita kiasi hukosa wa kucheza naye: ndugu hulia na kuondoka, mama huinuka na kunyima ziwa, na mchezo hufa hapo hapo. Somo hilo huchukua majuma kadhaa, na kilebu anayetenganishwa na mama yake akiwa na wiki nne au tano, kama ilivyo kwa wengi wanaouzwa kando ya barabara wakiwa ndani ya maboksi, huingia nyumba mpya kabla ya kulimaliza. Kisha, kuanzia takriban mwezi wa nne hadi wa saba, meno ya utotoni hung'oka na ya ukubwani, ambayo ni 42, huota mahali pake, fizi huwasha, na kila kitu kuanzia kandambili hadi mguu wa kiti huwa halali ya kutafunwa. Anayepokewa nyumbani, kwa hiyo, ni mwanafunzi aliyekatishwa masomo njiani, na nyumba hiyo ndiyo shule iliyobaki.

Kukimbiza nako kuna maelezo yake. Raymond na Lorna Coppinger, waliowachunguza mbwa wa kazi kwa miaka mingi nchini Marekani, walieleza kwamba uwindaji wa mbwa ni mfuatano wa hatua, yaani kukazia macho, kunyatia, kukimbiza, kukamata kwa meno na hatimaye kuua, na kwamba binadamu, kwa kuchagua wazazi wa kila kizazi, walizikuza baadhi ya hatua hizo na kuzififisha nyingine. Mbwa mchungaji wa Kijerumani, ambaye wengi humwita mbwa wa polisi na ambaye damu yake hutafutwa sana na wanaotaka walinzi wa nyumba, alitokana na mbwa waliokuwa wakichunga kondoo, na katika kazi hiyo kukimbiza ndiko kulikothaminiwa. Kinachoamsha hatua hii ni mwendo, wala si chuki. Watoto wanaocheza kombolela au rede uani huchomoka ghafla, hugeuka, hupiga mayowe, huanguka na kuinuka, na kwa kilebu wa miezi mitatu hakuna mwaliko ulio wazi kuliko huo. Mtoto anapokimbia huku akilia na kupunga mikono, kilebu hupata alichokitaka, kwa kuwa mchezo umenoga zaidi. Na tabia yoyote inayofuatwa na jambo linalopendeza hurudiwa, kanuni ambayo katika elimu ya mafunzo ya wanyama huitwa uimarishaji. Hivyo ndivyo nyumba inavyomfundisha kilebu kuwakimbiza watoto, kisha ikamwadhibu kwa kulifaulu somo.

Wanaotetea kiboko huongeza hoja yenye sura ya kisayansi. Husema kwamba mbwa ni mbwamwitu aliyefugwa, wakimaanisha mbwamwitu wa nchi za kaskazini wala si yule wa Serengeti. Kwamba mbwamwitu huyo huishi chini ya mbabe anayewatiisha wenzake kwa nguvu. Na kwamba kilebu anayemng'ata mtoto anawania cheo juu yake, hivyo sharti atiishwe. Nadharia hiyo ilipata nguvu kutokana na kazi ya Rudolf Schenkel iliyochapishwa mwaka 1947, ambayo iliwahusu mbwamwitu waliofungiwa pamoja katika bustani ya wanyama ya Basel nchini Uswisi, mahali ambapo mnyama aliyeshindwa hakuwa na pa kwenda. L. David Mech aliieneza katika kitabu chake cha mwaka 1970, kisha yeye mwenyewe, baada ya kuwafuatilia mbwamwitu huru katika kisiwa cha Ellesmere nchini Kanada, akaandika mwaka 1999 kwamba kundi la kawaida la mbwamwitu ni familia ya wazazi na watoto wao, ambamo uongozi hautofautiani sana na ule wa baba na mama. Watawa wa New Skete katika jimbo la New York, ambao kitabu chao cha mwaka 1978 kiliwafundisha wengi kumlaza mbwa chali kwa nguvu, waliuacha ushauri huo katika toleo la mwaka 2002. Nadharia iliyokanwa na waliokuwa wakiieneza haiwezi kuwa kisingizio cha kumchapa mnyama wa wiki tisa ambaye hana habari na cheo chochote.

Hata nadharia hiyo ikiwekwa kando, kiboko hushindwa kwa kipimo chake chenyewe, yaani matokeo. Mwaka 2009 Meghan Herron, Frances Shofer na Ilana Reisner wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha majibu ya wenye mbwa 140 waliofika kliniki ya tabia za wanyama: miongoni mwa waliowahi kuwapiga mbwa wao kwa mkono au kwa teke, takriban asilimia 43 walisema mbwa alijibu kwa ukali. Mbwa hao walikuwa tayari na matatizo ya tabia, kwa hiyo kiasi hicho hakiwezi kuhamishiwa kwa kila kilebu. Lakini kinatosha kuonyesha kwamba kipigo si maji yanayozima moto. Sababu yake haifichiki. Kilebu aliyechapwa akiwa na pindo la nguo ya mtoto kinywani hasomi hukumu wala hajui kifungu cha kosa, bali huyaunganisha maumivu na kilicho mbele ya macho yake, na kilicho mbele ya macho yake ni mtoto. Akichapwa kwa kunguruma, atajifunza kutonguruma, na hapo nyumba itakuwa imelivunja onyo na kuyabakiza meno.

Kiboko kina athari nyingine isiyozungumzwa, nayo inamhusu mtoto. Mtoto anayeona kwamba kila akisema ameng'atwa kilebu anayempenda huchapwa, au yeye mwenyewe hukaripiwa kwa kumchokoza, hujifunza kuficha alama. Katika nchi zenye kichaa cha mbwa, jeraha lililofichwa ndilo la kuogopwa kuliko yote, kwa kuwa dalili za ugonjwa huo zikishajitokeza uponaji ni wa nadra mno, ilhali jeraha linalooshwa mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha likapelekwa hospitali ili mgonjwa apate chanjo, halina haja ya kuishia kwenye msiba. Kwa desturi kilebu huchanjwa kichaa cha mbwa afikapo miezi mitatu hivi, ambapo kipindi cha kung'ata tayari kimeshika kasi. Nyumba inayohitaji kuliko zote mtoto asemaye bila woga ndiyo hiyo hiyo ambayo kiboko humziba mdomo.

Mnyororo nao huahidi ulinzi na kuleta kinyume chake. John Paul Scott na John Fuller, katika utafiti wao wa Bar Harbor nchini Marekani uliotolewa kama kitabu mwaka 1965, walionyesha kwamba kilebu ana kipindi maalumu cha kuzoea viumbe na mambo ya ulimwengu wake, kinachoanza takriban wiki ya tatu na kufifia takriban wiki ya 12; na utafiti uliochapishwa mwaka 1961 na Freedman, King na Elliot ulionyesha kwamba vilebu waliokulia bila kuguswa na watu mpaka wiki ya 14 waliwaogopa watu na kuwa wagumu kufunzwa. Kilebu anayefungwa nyuma ya nyumba mchana kutwa na kufunguliwa usiku hupitishwa nje ya kipindi hicho bila kujua mtoto ni kiumbe gani. Akikua atabweka na kuuma, na mwenye nyumba atajivunia kuwa amepata mlinzi, kumbe amepata mnyama mwenye hofu asiyejua nani wa nyumbani na nani mgeni. Atamrukia mwizi, lakini atamrukia pia binamu aliyekuja kusalimia, mtoto wa jirani aliyefuata mpira, na hata mtoto wa nyumba hiyo hiyo aliyerudi likizo kutoka shule ya bweni. Kazi ya mlinzi ni kubagua, na hawezi kubagua asiyepata kuwafahamu wa kwao.

Hapo huletwa hoja ya mwisho, ambayo husemwa kwa heshima na hupaswa kujibiwa kwa heshima: kwamba wazee waliwachapa mbwa wao na mbwa hao waliishi na watoto bila matatizo. Hoja hii husahau kwamba hesabu inayotolewa ni ya mbwa waliosalia, kwa kuwa mbwa wa kijijini aliyemuuma mtoto hakubaki kuwa ushahidi. Husahau pia kwamba kilebu wa kijijini mara nyingi alikulia miguuni pa mama yake, akafunzwa na ndugu zake, akazurura na watoto wachungaji kutwa nzima na kulala kwa uchovu. Kilichowalea mbwa wale ni maisha hayo, na fimbo ilikuwa nyongeza tu. Mjini maisha hayo yameondolewa yote. Kilebu yuko peke yake ndani ya ukuta wa mawe, na kilichohamishwa kutoka kijijini ni fimbo peke yake.

Ikiwa kung'ata na kukimbiza ni mchezo usiofundwa, basi kinachotakiwa ni kuufunda, na kazi hiyo huanza kwa mtu mzima kupanga mazingira badala ya kusubiri kosa. Kilebu na mtoto wa chini ya miaka mitano wasiachwe pamoja bila mtu mzima aliye karibu kiasi cha kuwafikia kwa mkono; pasipo na mtu huyo, pawe na kizuizi, iwe ni mlango wa nusu, uzio wa wavu uani, au kamba nyepesi iliyoshikwa na mkubwa wakati watoto wanacheza. Mnyororo na kamba hii havifanani, kwa sababu mnyororo humtenga mbwa na watu, na kamba humweka miongoni mwao bila kumruhusu kukimbiza. Kilebu hulala sehemu kubwa ya siku, na aliyenyimwa usingizi hung'ata zaidi, kama mtoto mchanga anavyolia zaidi. Kwa hiyo mahali pake pa kulala pawe mwiko kwa watoto.

Kinywa nacho kipewe cha halali. Fundo la kamba ya katani, au kitambaa kilichoviringishwa na kuloweshwa maji kwa ajili ya fizi zinazowasha, kiwe karibu kila mara ili kilebu akielekea kwenye mkono abadilishiwe. Akibana ngozi, mchezo usimame papo hapo: mkono uondolewe bila kurusharusha, mtu mzima ageuke au amwondoe kilebu kwa nusu dakika, kisha mchezo uendelee, na hilo lirudiwe kila mara na kila mtu, kwa sababu nyumba ambamo baba huruhusu kung'atwa kwa utani, mama hukataza na dada wa kazi hukimbia humfundisha kilebu kuwa king'ang'anizi. Upande wa pili wa kanuni hiyo ndio wenye nguvu zaidi: kilebu anayekaa chini watoto wanapopita, au anayemwacha mtoto anayekimbia na kurudi anapoitwa, apewe kipande cha dagaa hapo hapo, mpaka utulivu uwe na faida kuliko fujo. Huku ndiko kumkunja samaki angali mbichi, kwa kuwa samaki mbichi hukunjwa kwa mkono, naye akipigwa hapindi bali husagika.

Watoto nao wana somo lao, lakini lisitwishwe uzito usiobebeka. Utafiti wa Kerstin Meints wa Chuo Kikuu cha Lincoln nchini Uingereza umeonyesha kwamba watoto wadogo mara nyingi huudhania uso wa mbwa aliyetoa meno kuwa uso unaotabasamu, jambo linalothibitisha kwamba mtoto wa miaka minne hawezi kufanywa mlinzi wa nafsi yake mbele ya mbwa. Anachoweza kujifunza ni kusimama kama mbuyu kilebu anapomjia mbio, yaani miguu imetulia, mikono imekunjwa kifuani, macho chini na mdomo umefungwa, kwa kuwa mbuyu haukimbizwi na hauchezi na mtu. Anaweza pia kujifunza kutomgusa mbwa anayekula au kulala, na kumwita mkubwa badala ya kukimbia. Zaidi ya hapo dhamana ni ya mtu mzima. Na ikiwa mwili wa kilebu unakakamaa, ikiwa anaganda juu ya chakula na kukodoa macho, au anashika bila kuachia, huo si mchezo tena, na wa kuonwa ni daktari wa mifugo, si fundi wa viboko.

Kibao cha getini humwonya mpita njia, ambaye ni mtu mzima ajuaye kusoma na aliye na hiari ya kupitia upande wa pili wa barabara. Mbwa aliyelelewa kwa kiboko na mnyororo anapoiva, wanaoishi naye ndani ya ukuta ni watoto ambao hawajafika umri wa kusoma kibao hicho, na ambao hata wangekisoma wasingekuwa na barabara ya kuvuka.